Shibiri Ishirini

Baba yake Wasila alizikwa Jumatatu, na ilipofika Alhamisi asubuhi kaka zake wawili wakataka kulikata gombo vipande vitano.

Hesabu yenyewe haikuwa na ubishi. Mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Metwalli mawili, Shazli mawili, Wasila moja. Shamba liligawanywa hivyo, mitende ya ukingo wa mfereji hivyo, hata njiwa wa kwenye mnara walihesabiwa hivyo. Nyati peke yake ndiye aliyebaki mzima, kwa sababu nyati hakatwi akiwa hai. Walimpangia zamu ya maziwa kama nyumba zote za kijiji cha Kom Shahin zinavyofanya: siku mbili kwa Metwalli, siku mbili kwa Shazli, siku moja kwa Wasila. Likabaki gombo.

Mzee Ghandur, baba yao, alilipata mwaka juzi akichimba udongo wa mbolea kwenye kilima cha mji wa kale. Lilikuwa ndani ya mtungi uliozibwa kwa matope, gombo la mafunjo nene kama mkono wa mtoto, limeandikwa Kigiriki na watu waliokufa kabla nchi ya Misri haijajua msikiti. Wenzake waliookota chochote kilimani walikipeleka kwa wanunuzi siku hiyohiyo. Yeye hakuuza. Alilifunga kitambaa cha pamba, akalizika ndani ya gudulia la ngano, na kila alipoulizwa alijibu kwamba bado anawaza. Akafa anawaza.

Tangu Jumatatu Wasila hakuwa amelia. Wanawake walikuja, wakapiga mayowe, wakajipaka vumbi, wakaondoka. Yeye aliwapokea na kuwaaga. Shangazi Bahiya, dada yake marehemu, alikuwa amemwonya kwamba watu watasema, na Wasila alijibu waseme. Asubuhi hiyo alikuwa mbele ya tanuri uani akitoa mikate iliyoumuka juani tangu alfajiri, na shangazi alikuwa kwenye kivuli akimenya maharage.

"Kidole chako," shangazi alisema. "Wasila. Kidole."

Aliangalia. Kidole cha shahada kilikuwa kimeegemea ukingo wa tanuri na ngozi imegeuka nyeupe. Harufu alikuwa ameisikia, akadhani ni unga.

"Hakiumi."

"Kitauma," shangazi alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Ndipo Dardir alipobisha hodi.

Dardir alikuwa msimamizi wa vibarua kwenye machimbo ya wageni waliofukua vitu vya kale ng'ambo ya kilima. Majira kumi na moja ya baridi alikuwa amefanya kazi pale, na hakukuwa na mtu wilaya nzima aliyejua kukunjua karatasi kuukuu kama yeye. Alikuwa mrefu, mkavu, na mikono yake ilikuwa myororo kuliko mikono ya mwanamume wa shamba. Mara tatu alikuwa amemposa Wasila. Mzee Ghandur hakukataa, alisema anawaza. Aliyekataa ni Metwalli, na sababu zake alizitoa hadharani: Dardir hana shamba, hana hata kipande cha mtende, na wakati wa joto wageni wakirudi kwao yeye hukaa kivulini akisubiri warudi. Metwalli alikuwa na binamu mwenye gurudumu la kuvutia maji, na huyo ndiye aliyemtaka awe shemeji.

Dardir alivua viatu mlangoni, akaviacha pale, akaingia. Alitoa pole kwa wanaume. Kisha macho yake yakavuka ua hadi kwenye tanuri, yakatulia hapo muda mfupi tu, kiasi ambacho mtu hawezi kulaumiwa. Wasila aliyaona. Siku nyingine zote angehisi kitu kifuani. Leo alihisi kwamba mkate unaungua, akautoa.

Mazungumzo ya wanaume yalichukua muda mrefu. Dardir alisema maneno yaleyale kwa njia tano. Gombo zima ni kitu, vipande vitano ni takataka. Wageni wangewapa zawadi ya haki na mlinzi wa serikali wa vitu vya kale asingewagusa, yeye angewaombea. Mwisho akauliza kwa nini wasifanye kama walivyomfanya nyati, wawe na mafungu yao lakini mnyama abaki mzima.

"Nyati anatoa maziwa kila siku," Metwalli alimjibu. "Hili linatoa mara moja. Na litakaa kwa nani? Likikaa kwangu, huyu mdogo wangu hatalala. Likikaa kwake, mimi sitalala. Tazama."

Shazli, aliyekuwa mnene na mpole, aliangalia magoti yake. Hakukanusha.

"Tena wewe usitufundishe," Metwalli aliendelea. "Majira kumi na moja unawachambulia wageni majalala ya watu wa kale, na viatu vyako pale mlangoni vinacheka."

Shazli alicheka, akajizuia kwa sababu ya msiba. Dardir naye alitabasamu. Viatu vyake vilikuwa vimeachama kweli.

Hapo ndipo Shazli akasema jambo lililomshangaza hata kaka yake. Alisema baba alilitunza miaka miwili bila kulikata, na labda baba alikuwa na sababu. Alisema yeye yuko tayari kwa lolote, ila dada yao naye ni mrithi. Wasila akisema lisikatwe, yeye Shazli atakuwa upande wake, na Metwalli atabaki peke yake.

Metwalli aliinuka, akaenda kwenye tanuri. Alichukua mkate wa moto, akaumega, akatafuna akimtazama dada yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na mgongo unaouma.

"Umesikia," alisema kwa sauti ya chini. "Basi sikia na hili. Mimi ndiye walii wako sasa. Likikatwa leo, kesho baada ya swala ya Ijumaa nitasoma Fatiha ya posa na Dardir, na viatu vyake vivyo hivyo. Lisipokatwa, utaenda kwa binamu kabla arobaini haijatimia. Na ukimwambia yeye neno hili kabla hujajibu, nimelifuta."

"Sawa," alisema Wasila.

"Sawa lipi?"

"Nimesikia."

Dardir aliomba ruhusa azungumze naye. Metwalli, kwa mshangao wa wote, alikubali. Wakapanda juu ya paa, penye mabua ya pamba yaliyorundikwa, na Shangazi Bahiya akapanda nyuma yao na sinia lake la maharage. Aliketi hatua chache kutoka kwao, akafumba macho. Hakuwa amelala, vidole vyake viliendelea kumenya.

Dardir alikaa akimtazama Wasila kwanza. Alimtazama kama mtu anayesoma, kutoka paji la uso kwenda chini, taratibu.

"Hujala," alisema.

"Nimekula."

"Hujala, Wasila."

Wasila akamwomba aseme alichotaka kusema.

Akasema. Majira matatu ya baridi yaliyopita, kwenye jalala la mji wa kale, Dardir alikuwa ameokota kipande cha mafunjo kisichozidi kiganja. Kilikuwa na mistari saba. Khawaja mzee, mgeni aliyeongoza machimbo, alikisoma amesimama, kisha akakaa chini mchangani na suruali yake nyeupe, akalia. Alimweleza Dardir kwamba ni shairi la Wagiriki wa kale. Vitabu vyao vinalitaja na kulisifu, lakini hakuna aliyelitia machoni kwa karibu miaka elfu mbili. Pembeni mwa mistari ile mwandishi alikuwa amechora alama, ndege mwenye shingo iliyopinda. Na mwaka juzi Mzee Ghandur alipomfungulia gombo lake, vidole vinne tu kutoka ukingoni, Dardir aliona ndege yuleyule, na shingo imepinda vilevile. Mkono uleule.

"Ile mistari saba inasema nini?" Wasila aliuliza.

"Mwanamke amesimama mlangoni. Kiatu kimoja amevaa, kimoja kiko mkononi. Basi."

"Anaingia au anatoka?"

Dardir alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Hilo ndilo lililomliza mzee. Hajulikani. Karatasi imeishia hapo. Miaka elfu mbili amesimama pale na kiatu mkononi, na jibu lake liko chini, kwenye gudulia lenu la ngano."

"Mwanamume huyu," Shangazi Bahiya alisema bila kufumbua macho, "anaiwaza karatasi kama wenzake wanavyoiwaza nyama."

Dardir aliinamisha kichwa kwa heshima, kisha akarudi kwa Wasila. Alimwambia kaka yake mdogo yuko tayari. Linahitajika neno lake moja tu. Yeye mwenyewe angelinda gombo hilo, angelala mlangoni kwao kama mbwa hadi wageni walichukue. Alisema mengi, na macho yake yalikuwa yanawaka, na Wasila alijua kwamba ni kwa sababu ya macho hayo alikuwa amekataa wanaume wawili tangu ana miaka kumi na tisa. Alilijua hilo kama mtu anavyojua jina la mtaa. Halikumgusa.

Kulikuwa na neno kinywani mwake na lilikuwa limekatazwa. Akalizunguka.

"Fundi, ungeambiwa uchague," alisema. "Gombo lile likiwa zima, au mimi."

Upepo uligeuza mabua. Shangazi aliacha kumenya.

"Wewe utakuwepo kesho," Dardir alisema mwishowe. "Hili halitakuwepo."

Hakuwa mwongo, huyo Dardir. Alisema alichokiona. Na Wasila alisubiri jibu hilo limchome, akalisubiri hasa, kama mtu aliyejikwaa anavyosubiri kusikia maumivu ya kidole cha mguu. Hakukuja kitu. Aliinuka, akakung'uta gauni lake jeusi, akashuka ngazi.

Kaka zake walikuwa wamekaa palepale.

"Kateni," aliwaambia.

Metwalli aliitikia kwa kichwa taratibu. Nyuma yake Wasila alisikia hatua za Dardir zikisimama katikati ya ngazi.

Alidhani ataondoka. Hakuondoka. Metwalli alipolitoa gombo kwenye ngano na kutaka kulikunjua juu ya ubao wa mikate, ukingo ulivunjika kama jani kavu, na Dardir akaruka hatua tatu na kumshika mkono.

"Mkilikunjua kavu mtapata majivu, hata cha kukata hamtapata," alisema. "Niletee maji na vitambaa. Nitalikunjua mimi. Halafu nipe hadi adhana ya adhuhuri, ninakili ninachoweza."

Metwalli alikubali. Ilikuwa yapata saa tatu na nusu.

Kazi ile inataka watu wawili, mmoja wa kukunjua na mmoja wa kushika ukingo usijirudi. Vidole vya Metwalli vilikuwa vinene, vya Shazli vilitetemeka. Wasila akapiga magoti upande wa pili wa ubao bila kuitwa.

Dardir alitandika kitambaa chenye unyevu, akasubiri, akainua, akasogeza upana wa vidole viwili. Tena. Tena. Mikono yao ilitembea pamoja kutoka mwisho mmoja wa ubao hadi mwingine, na ubao ulipokwisha wakaunganisha mlango wa banda la nyati. Kila alipofikia ukingo, vidole vyake viligusa vya Wasila, na kila mara alivipumzisha hapo pumzi moja zaidi ya ilivyohitajika. Miaka saba walikuwa wamesalimiana kwa mbali. Hawakuwa wamewahi kugusana. Wasila aliona kucha zake zilizokatwa fupi, kovu jeupe kwenye kifundo, jasho lililodondoka na yeye akalizuia kwa mkono wa kanzu lisianguke kwenye maandishi. Aliona yote. Alisikia joto la ngozi yake kwa mbali, kama kupitia blanketi.

"Kidole hiki kimeungua," Dardir alinong'ona.

"Hakiumi."

Alichukua kitambaa kimoja chenye unyevu, akamfunga nacho. Mbele ya kaka zake. Metwalli akageukia ukutani.

Gombo lilipokunjuka lote lilikuwa shibiri ishirini. Safu za maandishi zilisimama wima, moja baada ya nyingine, nyeusi tititi, kana kwamba wino umekauka jana. Kulikuwa na ndege mmoja mwanzoni na ndege mmoja mwishoni, na kati ya ndege na ndege hakuna hata tundu la mchwa. Dardir alisimama akaliangalia kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakujua kulisoma. Herufi alizijua kwa sura tu, kama mtu anavyojua sura za majirani asiowajua majina. Pandelis, Mgiriki mwenye duka darajani, pengine angeambulia neno moja katika matatu, lakini daraja lilikuwa mwendo wa saa nzima kwenda tu.

Akatoa penseli na daftari, akaanza kuchora. Alichora herufi baada ya herufi. Wasila alimshikia ukingo. Alikuwa amemaliza safu ya kwanza na ya pili, na ya tatu amefika katikati, muadhini alipoanza.

"Bado kidogo, Metwalli," alisema bila kuinua kichwa.

"Tulikubaliana."

"Nusu saa."

"Tulikubaliana, fundi."

Metwalli alipima kwa shibiri ya mkono wake mwenyewe, kwa haki kabisa, mara mbili ili asimdhulumu mtu. Shibiri nne, nne, nne, nne, nne. Aliweka alama kwa mkaa. Hakutazama maandishi, kwa nini ayatazame? Alitazama urefu. Kisha akachukua wembe wa kinyozi na kukata pale mkaa ulipo, mara nne, na kila mkato ulipita katikati ya safu, ukiacha vichwa vya mistari kwa mtu mmoja na miguu yake kwa mwingine. Dardir alikaa chini akiwa amefunga daftari. Kila wembe uliposhuka kope zake zilicheza.

Ilipokwisha, Metwalli aliosha mikono, akawa mtu mwingine. Alimpiga Dardir begani.

"Basi, shemeji. Kesho baada ya swala uje na mjomba wako, tusome Fatiha. Nilimwahidi dada yangu likikatwa nitakubali, naye akaamua. Mimi neno langu ni neno."

Dardir alimgeukia Wasila.

"Ndiyo maana," alisema.

"Ndiyo."

"Pale juu, uliponiuliza."

"Ndiyo."

Alionekana anahesabu kitu ambacho hakifiki jumla. "Ungeniambia."

"Nilikatazwa. Na ningekwambia, ungesemaje?"

Alifikiri. Hata hapo hakusema uongo. Wasila alimwona akilitafuta jibu kwa uaminifu, akalipata, na akaona afadhali alinyamazie. Wasila angetaka amwambie japo neno moja la kubembeleza, hata la uongo. Wanaume wengine wangelisema.

"Daftari utabaki nalo wewe," Dardir alisema. "Maandishi ni ya baba yako."

Akaliweka juu ya ubao wa mikate, karibu na kipande chake. Kisha akaenda mlangoni. Aliinama, akavaa kiatu cha kulia, akasimama na cha kushoto mkononi, amewapa mgongo. Alisimama muda. Shangazi Bahiya alianza kusema kitu, Shazli akamgusa asiseme. Wasila alikuwa na nafasi ya kumwita kwa jina. Jina lilikuwa fupi, silabi mbili. Aliitafuta sauti yake, haikuwepo ilipokuwa ikikaa.

Dardir akavaa kiatu cha pili. Akatoka.

Jioni ile, Wasila akiwa anakamua nyati kwa zamu yake, kidole kilianza kuuma. Kiliuma vibaya, hadi kwenye bega, na nyati aligeuza kichwa kumtazama kwa sababu mkono ulikuwa umeacha kuvuta. Machozi yalikuja kwa ajili ya kidole, halafu kwa ajili ya baba, halafu hakujua tena ni kwa ajili ya nini. Maziwa yakamwagika.

Ijumaa Dardir hakuja. Ijumaa ya pili mjomba wake alikuja peke yake kuomba radhi, akasema kijana amepata kazi kwenye machimbo mengine, mbali huko kusini, na amekwenda.

Vipande viwili vya Metwalli vilikwenda kwa wanunuzi wawili, mmoja wao akapanda meli na chake. Cha kwanza cha Shazli kilisagika ndani ya kapu la tende njiani kwenda mjini. Cha pili, chenye ndege wa mwisho, mkewe alikificha chini ya tanuri siku waliposikia mlinzi anapita nyumba kwa nyumba, na kesho yake mtu akawasha tanuri. Kipande cha Wasila kilibaki, shibiri nne. Siku moja alikipeleka darajani, na Pandelis akakisoma na miwani yake mpaka chai ikapoa. Aliambulia mlango, aliambulia kiatu, aliambulia neno linaloweza kuwa "mama" au linaloweza kuwa "jirani". Mistari mingi ilikuwa nusu.

Hiyo ndiyo hesabu yake. Shibiri ishirini, zikabaki nne. Safu mbili na nusu kwenye daftari, kwa mkono wa mtu asiyejua kusoma alichoandika. Mwanamke mmoja mlangoni, hajulikani kama aliingia au alitoka. Miaka saba ya kusubiri kabla ya siku ile, na mingine tisa baada yake, na kidole kimoja cha shahada ambacho hadi leo hakisikii moto.